Tapi ya Mama Henriette

Katika nyumba ya Mama Henriette, kule Kataki, mjini Kalemie, watu hawakuulizana asubuhi kama wamelala salama. Waliulizana: umelala juu ya nani?

Aliyewafundisha kuuliza hivyo ni tapi, zulia la nyumba, iliyokuwa sakafuni katika chumba cha mbele. Ilikuwa tapi ya vipande, kubwa, nene, yenye mgongo wa gunia, na Mama Henriette aliianza kwa mkono wake angali bibi harusi huko Ubwari. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na shati la kijani la baba mkwe, kanzu nyeupe ya mjomba katekista, na vitenge vya wanawake ambao wengine wao walishazikwa kabla Kalemie haijaacha kuitwa Albertville. Na wote waliokulia katika nyumba ile watakuapia mpaka leo kwamba ukilala shavu likiwa juu ya kipande cha mtu, utamwota huyo huyo, si mwingine. Ukilala juu ya baba mkwe, unaamka mikono inanuka ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ukilala juu ya shangazi Marthe, aliyependa kusema, unaamka masikio yamechoka. Padri mmoja alisimuliwa mambo hayo akacheka sana, kisha akajinyosha pale mchana baada ya kushiba bukari, ugali wetu. Alipoamka hakucheka tena, na hakumwambia mtu alimwota nani.

Mimi siwalazimishi mwamini. Nawaambia tu kwamba nyumba nzima iliishi hivyo, na walikuwa watu wenye akili zao.

Watoto wa Mama Henriette walikuwa wanne. Jérôme, mkubwa, alikuwa mvuvi. Clémence alifanya biashara ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma na kurudi, na ulimi wake ulivuka mbele yake. Édouard alikuwa kwenye gari la moshi, njia ya Kabalo. Wa mwisho alikuwa Emilie. Hayo yalikuwa majina ya nyumbani, maana miaka ile ya Zaire biro ya serikali haikuandika majina ya ubatizo, na kila mmoja alikuwa na jina lingine kwenye karatasi, la kumwonyesha askari. Kwa mama yao walibaki kama walivyobatizwa.

Emilie alikuwa na miaka ishirini na mitano, na kwa miaka kumi na sita alikuwa akiogopa siku moja. Siku yenyewe iliitwa siku ya kufumua.

Ulikuwa utaratibu wa ukoo huo. Mama akiona kwamba safari yake imekaribia, huwaita watoto wake angali na sauti. Tapi inatandikwa. Kila mtoto anafumua kwa mkono wake kipande cha nguo aliyobebewa mgongoni alipokuwa mchanga, na anapokishika mama humwambia habari zote za kipande hicho, zile ambazo hakuwahi kumwambia. Kisha mtoto anakwenda nacho kwake, kikawe kitovu cha tapi mpya. Vipande vya wakubwa waliotangulia vinagawanywa vilevile. Kipande cha katikati tu, cha mama mwenyewe, kinabaki kimeshonwa hadi siku atakapofungiwa mkononi na kuzikwa nacho.

Sasa katika tapi ile Jérôme alikuwa na kipande chake, cha rangi ya kahawia chenye majani. Clémence alikuwa na chake cha manjano. Édouard alikuwa na cha mistari. Emilie hakuwa na kipande.

Alilijua jambo hilo tangu ana miaka tisa, siku aliyogombana na Clémence bombani juu ya ndoo. Clémence alitafuta neno la kumchoma akalipata: alimwambia kwamba yeye aliokotwa mchangani, ndiyo maana hayupo kwenye tapi, na siku ya kufumua atasimama mikono mitupu wakimtazama. Emilie alirudi nyumbani bila maji. Alipiga magoti juu ya tapi, akahesabu vipande kimoja kimoja mpaka jua likatua, akijitafuta. Hakumuuliza mama, na mama hakusema. Katika nyumba zetu mtoto aliyeokotwa haambiwi kwamba aliokotwa. Anaongezewa chakula, basi.

Jambo moja lilimshangaza, nalo hakumwambia mtu. Wenzake walipolala juu ya kipande walimwota mwenye kipande. Yeye popote alipolala aliwaota wote. Alitembea usingizini kati yao kama mtu anayepita sokoni asubuhi, huyu akimpisha, yule akimshika bega, na hakuna aliyeonekana kushangaa kumwona. Alijiambia kwamba ni kwa sababu hana mahali pake, kwa hiyo anazurura.

Kwa hiyo alifanya wanachofanya watu wasio na uhakika wa mahali pao: alifanya kazi. Miguu ya Mama Henriette ilipoanza kuuma akahamia kitandani, na macho yake yalipoingiwa na ukungu, Emilie ndiye aliyeichukua sindano. Mishono ya tapi ilikuwa imechakaa. Ilishonwa kwa uzi mnene wa pamba, bluu iliyofifia, uliokuwa ukikatika hapa na pale. Ndani ya kikapu cha mama mlikuwa na donge la uzi uleule, limebaki la ukubwa wa limau. Emilie aliliona limezeeka. Akamwomba kaka yake Jérôme uzi wa nailoni, ule wa kutengenezea nyavu, ambao ukiushonea leo wajukuu wataukuta.

Kila jioni, msimu baada ya msimu, alikaa barazani na tapi magotini. Aliuchomoa uzi wa bluu mshono mmoja mmoja kwa wembe, akapitisha nailoni mahali pake, pima kwa pima, kutoka pembeni kuelekea ndani. Mikono yake ilikuwa mizuri katika kazi hiyo, nami nasema hivyo kwa uchungu. Ile bluu iliyochomolewa hakuitupa, maana alilelewa vizuri. Aliisokota akaifanya utambi wa kibatari. Donge la kikapuni alianza nalo, likaisha mwaka wa kwanza, kisha zikafuata nyuzi za tapi yenyewe. Ziliwaka vizuri, bila moshi mwingi. Alishona kwa mwanga wao.

Alipofika katikati alisimama. Kipande cha mama kilikuwa kitenge chekundu chenye ndege weupe, na hicho mwingine hakigusi. Alikizungushia macho tu, akaikunja tapi, akaona kazi imekwisha. Moyoni alijisemea kwamba hata wakimtazama mikono mitupu siku ile, watajua angalau nani aliishikilia tapi isipasuke.

Siku yenyewe ilikuja mwaka wa themanini na tisa, mwanzo wa kiangazi, ziwa likiwa limetulia na upande wa pili hauonekani. Mama Henriette aliamka akaomba maji ya kunawa uso, akamwambia Emilie awaite wenzake. Jérôme alitoka Lubuye bado ana magamba ya samaki kwenye suruali. Clémence aliahirisha safari yake ya Kigoma, jambo ambalo hata serikali haikuwahi kulifanikisha. Édouard alishuka kwenye gari la moshi siku ya tatu, akiwa na kuku chini ya kwapa.

Walimbeba mama wakamketisha chini, juu ya ukingo wa tapi, mgongo ukutani. Ilikuwa saa nne asubuhi na mlango ulikuwa wazi. Emilie alikuwa ameshika wembe, kwa sababu ndiye aliyejua kuushika, na aliuhamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kila mara.

Jérôme alianza. Alifumua kipande chake cha kahawia, na mama akamwambia kwamba nguo ile ilikuwa ya jirani, aliazima kwa siku moja tu kumbebea mtoto wa kwanza kwa sababu yeye hakuwa na kitu, na yule jirani alipoona mtoto amelala ndani yake alikataa kuichukua. Mwanamume mzima wa miaka arobaini na kitu akainama akakitazama kipande kwa muda mrefu. Clémence akafuata, akaambiwa kwamba alizaliwa kimya, hakulia, na mama alimfunga kwenye manjano ile akamchezesha nyumba nzima mpaka akapiga kelele. Édouard alisema kwa chinichini kwamba toka siku hiyo hajanyamaza, na wakacheka wote, hata Emilie, aliyekuwa akitamani ardhi imfiche. Kisha Édouard mwenyewe akachukua mistari yake. Vikagawanywa na vya wazee: kanzu ya katekista huku, shati la kijani kule, shangazi Marthe kwa Clémence, kwani hao wawili walielewana.

Na kila kipande kilipotoka, gunia lilizidi kuonekana chini.

Halafu zamu ikamfikia Emilie. Vilibaki vipande vichache vya wazee, hapa na pale. Emilie aliweka wembe chini, taratibu, akaanza kunyanyuka aende jikoni. Hapo Mama Henriette, ambaye macho yake hayakuwa yakiona ila vivuli, alinyosha mkono akagusa mshono mmoja wa karibu naye. Vidole vyake vikapita juu yake, vikarudi. Vikaenda kwenye mshono mwingine. Uso wake ukabadilika.

Akauliza:

— Uzi yangu iko wapi?

Wote wakamtazama Emilie. Akaeleza, haraka haraka, akidhani mama anataka kujua kama kazi ni imara: kwamba uzi wa zamani ulikuwa umeoza, kwamba aliutoa wote, kwamba hii ni nailoni ya Jérôme na haitakatika kamwe.

— Yote? Na ile donge ya ndani ya kikapo?

Emilie akasema kwamba donge aliliwasha kwenye kibatari, na nyuzi nyingine vilevile.

Mama Henriette alifumba macho yake yasiyoona. Alikaa hivyo mpaka Jérôme akadhani ameshikwa na maumivu, akataka kumlaza. Mama akamsukuma mkono. Kisha akasema lile ambalo alikuwa amelihifadhi miaka ishirini na mitano kwa ajili ya saa hiyo, akilisema sasa katikati ya hasara.

Alisema kwamba mwaka wa sitini na nne, walipokimbia Ubwari na vita nyuma yao, ndani ya mtumbwi mlikuwa na mwanamke ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa mgonjwa, na alikuwa na mtoto mchanga magotini, na safari nzima alikuwa akimfumia mtoto huyo shali kwa sindano mbili, uzi wa pamba wa bluu, kama wanawake walivyofundishwa na masista. Watu waliomba, watu walilia, yeye alifuma. Walilala ufukweni njiani. Kabla ya kucha alimwamsha Mama Henriette, akamwekea mtoto mikononi pamoja na shali na sindano zake, akasema neno moja tu: umushikie. Jua lilipotoka alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyejua jina lake wala kijiji chake. Walimzika pale mchangani, wakapanda mtumbwi.

— Miye sijue kufuma, Mama Henriette alisema. Najua kushona tu. Shali haikukuwa imeisha. Kila siku nilikufunika nayo ilikuwa inafumuka yenyewe, inafumuka, inakuwa kidogo. Nikaona itaisha yote mikononi mwangu. Njo nikaifumua miye mwenyewe, nikafanya donge. Tapi ilikuwa imepasuka na maji ya ziwa, vipande vyote vilikuwa vinaachana. Nikaishona upya, yote, na ile uzi. Wenzako niliwapa kipande kimoja kimoja. Weye nilikupa mishono yote.

Nje, mtu alikuwa anapita akisukuma baiskeli yenye mnyororo unaogonga, nao waliusikiliza mpaka ukapotea.

Emilie aliutazama wembe. Aliviona vile vibatari vyote, jioni zote zile, mwanga mdogo safi usio na moshi, na yeye ameinama chini yake akijitoa kwenye tapi, pima kwa pima, kwa bidii, ili wamkubali. Alilia kwa sauti, mkono mdomoni, na hakumficha mtu machozi yake. Ilimuuma, na mimi nikiisimulia huniuma.

Aliyesimama kwanza ni Clémence. Walidhani anakwenda kutafuta maji. Alirudi na kibatari kutoka jikoni, akakaa chini, akakifungua na kuuvuta utambi wake kwa kucha. Upande wa juu ulikuwa makaa. Upande wa chini, uliokuwa umelala ndani ya mafuta, bado ulikuwa bluu, urefu wa kidole. Aliukamua kwenye kitenge chake kizuri cha Kigoma bila kukitazama, akaukausha kwa pumzi, akauweka juu ya goti la Emilie. Akasema kwamba siku ile ya bombani alisema uongo. Hakuongeza neno, na kwa Clémence hilo lilikuwa kubwa kuliko hotuba.

Mama Henriette alikuwa akipapasa tena. Vidole vyake vilitembea juu ya gunia tupu, vikafika katikati, vikazunguka kile kitenge chekundu, na hapo vikasimama.

— Hapa haukugusa, alisema.

Emilie akajibu kwamba asingeweza kugusa, ni kipande cha mama.

— Fumua.

Jérôme akaingilia. Alisema kwa heshima kwamba mama anajua, kile ni cha siku ile nyingine, hakifumuliwi mwenyewe akiwa hai, wazee hawakufanya hivyo hata mara moja.

— Kipande njo yangu, Mama Henriette alimjibu. Uzi haiko yangu. Mutoto, kamata wembe.

Emilie alipiga magoti. Safari hii hakukata. Alitafuta ncha, akaipata, akaifungua kwa kucha mshono baada ya mshono, polepole, na uzi ukatoka mzima. Ulikuwa umefifia juu, lakini pale ulipopita chini ya kitambaa ulikuwa bado na bluu yake yote, na ulikuwa umejikunja kunja, kwa maana uzi uliowahi kufumwa hausahau. Ulizunguka kitenge kile mara mbili. Ulipotoka wote ulijaa kiganja chake kimoja. Kipande chekundu chenye ndege weupe kikabaki huru, na mama akakichukua akajifunga kichwani kama msichana anayekwenda dansi, akasema hata hivi kitazikwa naye, haraka iko wapi.

Vipande vichache vilivyosalia vikagawanywa. Tapi ya Mama Henriette ikawa gunia.

Walikula kuku wa Édouard. Baadaye wakubwa wakatawanyika, kila mmoja na vipande vyake, wakisema kwa sauti ndogo mlangoni. Joto la mchana lilikuwa limeingia ndani ya nyumba likakaa. Mama hakutaka kurudishwa kitandani. Alijilaza palepale juu ya gunia, akampapasia Emilie nafasi ubavuni mwake kama alivyokuwa akifanya zamani. Emilie alijizungushia uzi kifundoni mwa mkono, mara nyingi, akaufunga kwa kile kidole cha utambi kilichonuka mafuta. Akalaza shavu juu ya mkono huo, akalala.

Alipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa mlango. Mama alikuwa macho, anamngojea.

— Umelala juu ya nani?

Emilie alisema kwamba safari hii hakuwaona wengine. Palikuwa na ziwa, na mtumbwi hauendi popote, na mwanamke mmoja amekaa. Uso hakuuona vizuri. Aliona mikono. Ilikuwa inafuma.

Mama Henriette akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia kazi aliyoiacha njiani:

— Shali ilikuwa imefika wapi?

Emilie alikaa. Alinyosha mikono, akaipima hewani, akaona haitoshi. Akasimama katikati ya gunia, akaipima juu yake mwenyewe: akaanzia begani, akashuka, akapita kiuno, akafika magotini.

— Haiko ya mutoto tena, Mama, alisema. Inanienea miye.